Kabla Hujamchukua Huyo Mwenye Ndevu

Mwanangu Mwita,

Salamu sikuandikii, maana uko hapo chumba cha pili na nakusikia unafunga begi, unalifungua, unalifunga tena. Iache hiyo zipu ipumzike. Ulichosahau utakikumbuka basi likishavuka daraja la Mto Mara, ndivyo ilivyo kwa kila msafiri. Baba yako alishawahi kwenda Mugumu kwa mambo ya shamba akafika ofisini na ndala za bafuni, tena mguu mmoja wa kwangu.

Nimekaa jikoni. Baba yako yuko na redio yake, anasinzia, lakini ukiizima anaamka anasema alikuwa anasikiliza. Mambo ya kufua na kula kwa wakati siyaandiki. Umekula kwa mkono wangu tangu meno hayajaota. Ukifika Arusha ukashindwa kuchemsha maharage, aibu ni yako.

Ninachotaka tuongee ni yule mjusi.

Juzi ulipokuja na simu ukasema, "Mama, binti wa mwenye nyumba ninakokwenda kupanga, Dada Neema, anasafiri kwenda kusoma ng'ambo. Anatafuta mtu wa kumwachia mjusi wake. Nimemwambia nitampa jibu nikifika." Nikaiangalia ile picha. Mjusi mnene, rangi ya mchanga, kidevuni miiba miiba kama ndevu za mzee asiye na wembe, amekaa kwenye sanduku la kioo chini ya taa kama diwani siku ya mkutano. Nikacheka, ukadhani namdharau. Ukaniuliza, "Sasa mama, nimchukue?" Nikaitika kwa kichwa. Ukafurahi, ukaondoka unapiga mluzi.

Mwanangu, kile kichwa changu hakikuwa jibu. Na wewe ndiye mtu wa mwisho katika Nyamwaga nzima wa kukosea hapo, maana umelelewa na Mzee Ndiyo. Ulikuwa mdogo, mengine umesahau, mengine umeyasikia kwa baba yako ambaye anayapunguza. Ngoja nikwambie mimi, halafu ndiyo ukampe Dada Neema jibu lako.

Ile miaka ya rashi ya dhahabu ulikuwa hujaanza shule. Mtu mmoja aliokota jiwe linang'aa kule kilimani, na hata wiki haijaisha kilima kina watu kuliko mnada wa ng'ombe. Wasukuma, Waha, watu wa Singida, hata vijana wa Kenya waliovukia Sirari na Kiswahili chao, "Mathe, chapo iko?" Kila kundi linachimba shimo lake, wenyewe wanaita duara. Baba yako akaacha migomba akaenda. Mimi nikaona kuliko kukaa nyumbani kumngojea tajiri, heri nikampikie. Nikafunga turubai, nikakuweka mgongoni, nikawa mama ntilie wa machimbo. Kibanda cha pili alikuwa Mama Zawadi, yule Mjaluo wa Shirati, naye anapika. Tulikuwa tunapendana asubuhi na kuchukiana mchana wateja wakija.

Nyuma ya kibanda changu kulikuwa na mwamba, na juu ya mwamba anaishi mjusi kafiri. Kichwa na kifua chekundu kama nyanya iliyoiva, huku nyuma bluu kama kanga mpya. Kila ukimsogelea anapandisha kichwa na kukishusha, anapandisha na kukishusha.

Sasa kulikuwa na mchimbaji mmoja, Masanja, amezunguka machimbo mengi, na kwa maneno yake yote anayajua. Akasema mjusi wa namna hii hadanganyi, anaulizwa. Akavua kofia mbele ya mwamba.

"Shikamoo mzee."

Mjusi akaitika kwa kichwa.

"Hapo ulipokaa, chini kuna mali?"

Akaitika.

"Nyingi?"

Akaitika mara nyingi, mpaka kifua kinapiga mwamba. Watu wamejaa, wameacha sahani zao. Mama Zawadi akapita katikati na mwiko mkononi akauliza, "Na hawa wanaume ni wajinga?" Mjusi akaitika kuliko mara zote. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Lakini hilo jibu la mwisho hakuna aliyelichukua. Walichukua yale mawili ya kwanza. Kesho yake baba yako na Masanja na wenzao wakaupasua ule mwamba wakashuka chini. Walichopata ni maji. Baba yako mpaka leo anasema walibakiza kidogo.

Mjusi ndiyo akabaki hana nyumba. Akaanza kuzunguka kwenye mawe ya jiko langu, wachimbaji wakampa jina Mzee Ndiyo, na wewe ukamshika mkia ukakataa kumwachia. Hivyo ndivyo tulivyoanza kufuga. Hatukukaa tukafikiri, hatukuuliza mtu. Na siku hizi, mwanangu, usije ukajaribu kuokota wa mwambani. Hapa kwetu na hifadhi tunapakana, mnyama wa porini ana wenyewe, watu wa maliasili hawakuulizi kama ulikuwa unacheza naye tu. Huyo wa Dada Neema muulize aliingiaje nchini, na kama kuna kibali kiandikwe kwa jina lako kabla hajaondoka. Uliza siku ya kwanza, usione haya.

Basi nikamweka kwenye boksi la sabuni, nikafunika vizuri asione baridi wala kelele. Nikampa ugali na mchuzi wa dagaa. Nikajiona mama mwema. Baada ya siku chache yule mwekundu na bluu akawa rangi ya mkaa, hali, hafungui jicho. Mzee Salumu, yule mwenye duka la sukari na betri, mtu wa pwani, alikuja kunywa chai akachungulia.

"Mama Mwita, umemzika kabla ya siku zake?"

"Nimemfunika asiumwe."

"Wewe ukifunikwa na boksi la sabuni utapona?"

Halafu akaniambia kwao watoto humpiga mawe kwa ajili ya hilo jina la kafiri, eti anawakejeli wanaoswali. "Mimi namwona kila alfajiri anainama, anainuka," akasema. "Wewe na mumeo kanisani mara ya mwisho lini?" Nikamwongezea sukari ili anyamaze.

Alipoondoka nikafungua boksi. Yule mjusi alitoka anajikokota kama mlevi, akaenda moja kwa moja kwenye kipande bapa cha ule mwamba walioupasua, kilikuwa kwenye jua. Akajilaza tumbo lote. Nilikuwa namenya ndizi, na kabla sijamaliza chungu kimoja rangi imerudi, nyekundu kwanza, halafu bluu. Nikashika mdomo. Mjusi hana moto wake, mwanangu. Moto wake anauomba kwa jua. Akiwa baridi hata chakula alichomeza kinakaa tumboni kama kokoto.

Lakini saa sita jua likichoma alikuwa anaachama mdomo anakimbilia kivulini chini ya meza. Kwa hiyo hilo sanduku la kioo liwe na upande wa moto na upande wa kupumua, mwenyewe achague. Uliniambia zinatakiwa taa mbili, moja ya joto na moja yenye mionzi kama ya jua lenyewe, na kwamba jua la kupitia dirisha la kioo halimsaidii. Sawa. Arusha mwezi wa saba mtu analala na sweta. Je umeme ukikatika? Wewe unakwenda kujifunza umeme wa magari, hiyo kazi nakuachia, lakini ifikirie kabla ya kumchukua. Usifikirie gizani umemshika mkononi amekuwa kama jiwe la mtoni.

Chakula nacho. Nilipoacha ugali nikaanza panzi na kumbikumbi, akanenepa. Halafu nikawa mvivu. Kulikuwa na vibwawa wanakooshea mawe, wanatumia zebaki, na panzi wa pale walikuwa wazembe, unawaokota tu kama karanga. Nilimpa hao. Akatapika, akayumba siku kadhaa. Panzi mzembe ana sababu yake. Huyo wako anakula wadudu na majani pia, usimwokotee chini ya nyanya za watu waliopiga dawa. Na mdudu asizidi nafasi iliyo kati ya macho yake, hilo alikwambia Dada Neema mwenyewe, na ni kweli. Mzee Ndiyo alishawahi kukabwa na dundu nililompa kwa upendo.

Sasa hili la kunawa mikono linanichekesha na kuniaibisha pamoja. Ulianza kuhara. Mimi sikutafuta mbali, nikasema ni chapati za Mama Zawadi, maana nilikuona ukimegewa. Nikasimama katikati ya vibanda nikasema kwa sauti, unanijua. Wateja wake wakahamia kwangu. Nilipokupeleka zahanati, yule nesi akakuangalia kucha akaniuliza, "Huyu mtoto anacheza na nini?" Nikasema mjusi. "Akitoka kwa mjusi ananawa?" Nikaanza kukufuta kucha kwa kanga. Akaniambia mijusi inabeba vijidudu bila kuumwa yenyewe, anaumwa anayeishika kisha akala.

Nilirudi nikapita kwa Mama Zawadi na kuku mkononi. Nikamweleza. Akamshika kuku, akampima uzito, akasema, "Kwa hiyo mjusi wako ndiye mchafu, na mashtaka nilijibu mimi." Nikasema ndiyo dada. Akasema, "Kesho utasimama pale pale katikati, na sauti ile ile." Nikasimama. Mwanangu, ukimchukua huyo mwenye ndevu, sabuni ikae mlangoni, na vyombo vyake usivioshee kwenye karai la sahani. Na ukiumwa tumbo, kabla ya kumtaja jirani, angalia mikono yako.

Lakini kosa langu lenyewe hasa ni la ndoa.

Niliona Mzee Ndiyo yuko peke yake nikamwonea huruma. Mwanaume Mkurya bila mji si mtu, nikasema ngoja nimwoze. Nikazunguka mawe ya kilima kile kutafuta binti. Kulikuwa na wale wa rangi ya udongo, wadogo, wamefifia. Nikawapita. Nikasema siwezi kumletea mwanangu wa pili mke asiye na sura. Nikamvizia mmoja mwenye kichwa chekundu kinawaka, mzuri kuliko yeye mwenyewe, nikamleta kwenye kikapu. Wachimbaji wakaja kuona harusi. Baba yako akauliza, "Mahari ni panzi wangapi?"

Nikamwachia bibi harusi juu ya meza.

Mzee Ndiyo akamwona. Akainuka kwa miguu ya mbele, akapandisha kichwa na kukishusha, haraka haraka, kifua kinapiga meza. Masanja akasema, "Amekubali." Bibi harusi naye akaitika vile vile. Watu wakapiga vigelegele. Halafu wakarukiana. Walipigana mikia juu ya sahani za watu, maharage yanaruka, wakaangukia kwenye ndoo ya maji wakaendelea humo humo. Tulipowaachanisha kwa mwiko, Mzee Ndiyo hana ncha ya mkia. Mzee Salumu alikuwa anafuta machozi kwa kicheko. "Mama Mwita, kwa hawa mijusi mwenye nguo nzuri ndiye dume. Mke ni yule mwenye udongo. Umemletea shemeji."

Kumbe huyo mwekundu ni dume mwenzake. Na ndipo nilipomwangalia Masanja na yeye akaniangalia, na baba yako akaweka kikombe chini. Maana kile kichwa tulikiona vizuri sasa. Mjusi hakuwa anasema ndiyo. Tangu siku ile ya kwanza juu ya mwamba wake alikuwa anasema, hapa ni kwangu, na vilivyomo ni vyangu, msinisogelee. Sisi tukasikia "chimbeni."

Kwa hiyo huyo wako mfuge peke yake. Usimwonee huruma kwa huruma ya kibinadamu. Akinyanyua kichwa na kukishusha, au ndevu zikavimba zikawa nyeusi, hakupendi dakika hiyo, mwache. Uliniambia tena wakati mwingine anapunga mkono mmoja polepole. Usidhani anakuaga wala anakusalimia. Dada Neema anasema hapo anakwambia nimekuona, mimi mdogo, sitaki ugomvi. Jifunze lugha yake kabla hujamjibu kwa lugha yako. Na hii si kwa mjusi tu, hata hao mafundi unaokwenda kufundishwa nao. Mtu akikuitikia kwa kichwa, subiri uone kama atarukia meza.

Kuna lile la kumzika, hilo unalikumbuka mwenyewe, au unakumbuka nilivyolisimulia, sijui. Rashi ilipopoa tukarudi hapa Nyamwaga na Mzee Ndiyo kwenye kikapu. Masika ya mwaka ule mvua ilinyesha mpaka migomba ikalala. Asubuhi moja nikamkuta ukutani amekakamaa, baridi, jicho limefungwa. Nikasema amekwenda. Nikamchimbia nyuma ya jiko, udongo kidogo tu, nikamwekea na jani. Wewe uliporudi kutoka kwa bibi hukulia. Ulikwenda ukafukua kwa kijiko, ukamweka kwenye lile jiwe bapa, ukakaa pembeni. Nikakwambia, "Mura, kijana wangu, ameshakufa." Ukasema, "Ngoja jua." Mvua haikuacha. Ukamfunika kwa shati lako, ukakaa. Jua lilitoka mchana, na ulikuwa bado pale, makamasi yanatiririka. Mzee Ndiyo akafungua jicho moja, akamwangalia kila mtu, akaanza kutafuta panzi.

Siku ile nilikujua wewe ni mtu wa namna gani. Sikukwambia, nilikupiga kwa kuvua shati kwenye mvua.

Huyo wa ndevu naye, umesema, kuna majira analala wiki nyingi, hali, hatikisiki. Usije ukachimba shimo mapema kama mama yako. Mpeleke kwa daktari wa mifugo anayejua mijusi, na kama hakuna anayejua, hilo nalo lijue leo.

Mzee Ndiyo hakufa mikononi mwetu. Mvua zilipoisha tulimwacha huru, akahamia kwenye mawe ya juu ya shamba, anakuja jikoni nikipika tu. Halafu akawa anakuja mara moja moja. Halafu hakuja. Hatukumlilia, kwa sababu alikuwa kwao. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko pote. Wa kwetu akikuchoka anarudi mwambani. Huyo wa Dada Neema hana mwamba wa kurudi. Kwao ni mbali kupita ng'ambo ya bahari, huku hajui wadudu wala mvua wala mwewe. Ukimchoka huwezi kumfungulia mlango ukasema nenda. Na anaishi miaka kumi, hata zaidi. Miaka kumi, Mwita. Utakuwa umeoa. Huyo mke atamkuta ndani kama mama mkwe.

Jiulize unamchukua kwa sababu gani. Kama ni kwa kuwa unampenda, sina la kuongeza. Kama ni kwa kuwa unaogopa chumba kitupu, si vibaya kuogopa, kuanzia kesho hata mimi ninacho kimoja. Lakini chumba kitupu kinajaa baada ya miezi michache, marafiki wanakuja, kazi inakuwa nyingi, na mjusi bado yuko chini ya taa anangoja panzi. Mkono uliomfunika Mzee Ndiyo kwa shati, kama unao bado, mchukue. Kama umeuacha hapa Nyamwaga, mwambie Dada Neema ukweli mlangoni, atafute mtu mwingine. Hatakasirika. Na mimi sitakasirika kwa jibu lolote.

Najua kwa nini begi halifungiki. Chini kabisa, ndani ya blanketi, nimekuwekea lile jiwe bapa. Jana umepita mlango wa jikoni ukauliza mbona unapigapiga, ni kwa sababu ndilo lililokuwa linauzuia. Nimelisugua na kulichemsha. Usilitoe. Ukimchukua mjusi, liweke chini ya taa, kisha weka kiganja juu yake: kama mkono wako hauvumilii, tumbo lake halitavumilia, sogeza taa. Usipomchukua, zuia nalo mlango wako. Basi likipita katikati ya hifadhi utayaona yale mawe makubwa, jamaa zake Mzee Ndiyo wote wanakaa pale, wasalimie kwa dirishani. Na getini wakikagua wakakuta jiwe la kutoka machimboni wakakukazia macho, sema ni kitanda.

Sasa nakusikia umekaa juu ya begi. Umelifunga. Haya.

Juzi uliponiuliza nimchukue nikaitika kwa kichwa, sikuwa nasema ndiyo. Kesho stendi, ukiwa umeshika mlango wa basi, utaniuliza, "Mama, utakuwa sawa?" Nakujua, utauliza. Na mimi mbele ya watu wote wale sitaweza kuongea, pamoja na mdomo wangu huu. Nitakuitikia kwa kichwa, haraka haraka.

Usisikie "chimbeni." Wewe unaijua hiyo lugha, ya mwenye mwamba wake. Panda basi, mura.

Mama yako